Sori, pole, samahani, nisamehe: unaomba nini hasa?



Vijana wenzangu, leo naomba tukae kidogo na neno dogo ambalo liko midomoni mwetu kutwa nzima: sori. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala, sori. Ukichelewa mazoezi ya kwaya, sori. Mtandao ukikatakata na hujamsikia mwenzio, "sori?" Rafiki akifiwa na bibi yake, "sori sana dia", na kikatuni cha kulia mbele yake. Halafu siku umemfanyia mtu jambo lililomliza usiku kucha, asubuhi unashika simu na kuandika lilelile: sori.

Sina ugomvi na Waingereza. Neno lao lina asili nzuri. Zamani sana "sorry" lilikuwa neno la mtu mwenye maumivu. Ni ndugu wa "sore", yaani kidonda, mahali panapouma. Aliyelisema alikuwa anasema naumia, basi. Halikuonyesha nani kakosea wala nani anamdai nani. Ndiyo maana mpaka leo Mwingereza analitumia msibani na analitumia mahakamani, na wenyewe wanaelewana kwa kuangalia mazingira. Wakitaka neno zito zaidi wanalo, "apology", ingawa nalo lina vituko vyake: limetoka kwenye Kigiriki, na huko lilimaanisha hotuba ya kujitetea. Mtakatifu Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, aliandika maandiko yanayoitwa kwa jina hilo kwa watawala wa Roma, na hakuwa anamwomba mtu msamaha hata kidogo. Alikuwa anawatetea Wakristo. Mtakatifu John Henry Newman naye mwaka 1864 aliandika kitabu chenye neno hilo kwenye jina lake, kuwajibu waliomtuhumu kuwa si mkweli. Huwa nacheka nikikumbuka hili, maana wengi wetu tukisema tunaomba msamaha, ndicho hasa tunachofanya: tunajitetea.

Sasa, Kiswahili kimetupa milango zaidi ya mmoja, na kila mlango unaingia kwenye chumba chake. Swali langu la leo ni hili: tunapoiacha milango hiyo yote na kupita kwenye dirisha moja la sori, tunapoteza nini? Mimi naamini tunapoteza kitu ambacho bila hicho hata kitubio chetu kinakuwa cha juujuu.

Tuanze na pole. Pole haina kosa ndani yake. Mgonjwa anapewa pole, mfiwa anapewa pole, aliyetoka shamba anaambiwa pole na kazi, aliyeshuka kwenye basi anaambiwa pole na safari. Hakuna anayeuliza umemkosea nini. Wageni wengi wanaokuja Afrika Mashariki wanasimulia kichekesho kimoja: unajikwaa njiani, mama anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara anakuambia "sorry", nawe unageuka kwa mshangao, kwani wewe ndiye umenisukuma? Mama wa watu katafsiri pole kwa Kiingereza alichonacho. Anachosema ni kwamba nimeona umeumia, na kuumia kwako kumenifikia hapa nilipokaa. Neno hili limo ndani ya mpole, ndani ya upole, ndani ya polepole. Ukimpa mtu pole, unamtakia lile linalomchoma lipoe.

Na hiyo ni fadhila kubwa, tusiidharau. Yesu alipofika Bethania na kuona watu wanamlilia Lazaro, naye alilia. Hakuwa amemuua Lazaro. Tena alijua kabisa anachokwenda kufanya dakika chache baadaye. Lakini kabla ya muujiza alitoa pole, tena ya machozi, kwa akina dada wawili ambao kila mmoja kwa zamu yake alikuwa amemweleza kwamba angewahi kufika, kaka yao asingekufa. Hakujitetea. Alilia nao kwanza.

Samahani sitaikalia sana. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya ndani ni nisamehe, lakini imetumika hadi imelainika kama sarafu ya zamani. "Samahani dada, hii gari inafika Mbezi?" Hakuna aliyetenda dhambi kwa kuuliza gari. Ni adabu tu, na adabu ni nzuri, ila usitegemee sarafu iliyolainika hivyo ikulipie deni kubwa.

Mlango wa tatu ndio mgumu. Nimekukosea. Nisamehe.

Angalieni jinsi lugha yetu inavyofanya kazi hapa, mimi hunishangaza kila nikiifikiria. Kukosa kuna maana mbili: kutokuwa na kitu, kama unaposema nimekosa nauli, na kutenda kosa. (Neno la Kigiriki la dhambi katika Agano Jipya, hamartia, nalo asili yake ni kukosa shabaha. Watu wawili mbali kabisa wamefika mahali pamoja.) Halafu ukisema nimekosa, umesema jambo lako peke yako. Ukisema nimekosea, pengine umekosea njia, umekosea hesabu. Lakini ukichomeka hiyo "ku" katikati, nimekukosea, ghafla kuna mtu amesimama mbele yako. Kosa limepata uso. Sori haina nafasi ya kuchomeka mtu. Unaweza kuitupa hewani na ikaanguka popote.

Ukishasema nimekukosea, bado unatakiwa kuomba. Naomba unisamehe. Na kuomba ni kumpa mwenzako madaraka. Anaweza kukupa, anaweza kukunyima, anaweza kukuambia ngoja kwanza. Anayetoa pole hana hatari hiyo, maana pole huitoa yeye: mkono wake uko juu. Anayeomba msamaha mkono wake uko chini, kiganja kikiwa wazi. Ndiyo maana mtu akikukosea akakupa pole, unahisi kitu hakijakaa sawa hata kama huwezi kukieleza.

Nilijifunza hili mwaka wa pili chuoni. Mwenzangu wa chumba alichukua jambo nililomwambia usiku, jambo la baba yangu, akaliandika kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Asubuhi watu wakawa wananiangalia kwa namna fulani. Jioni akanijia, kaleta chipsi, akakaa kitandani kwangu akasema, "Pole jamani mpenzi, najua inauma, watu wa hili darasa wana midomo." Sauti ilikuwa laini kabisa. Nami nikawa najiuliza mbona huruma hii inanichoma kuliko kile alichokiandika? Mpaka nikaelewa: alikuwa ananipa pole kama mtu aliyenikuta barabarani nimegongwa, wakati usukani ulikuwa mikononi mwake. Alikuwa amehama kutoka upande wa mkosaji na kujiweka upande wa wafariji.

Baada ya wiki kama mbili alirudi. Safari hii hakuleta chipsi. Alisema, "Niliandika mimi. Nimekukosea, na naomba unisamehe." Kisha bila kuambiwa akaingia kwenye lile grupu akaandika kwamba lile jambo halikuwa lake kulisema na watu wasiliendeleze. Sitawadanganya kwamba kila kitu kikawa kama zamani. Kuna wavulana wawili watatu waliendelea na utani wao hadi tunamaliza chuo. Lakini yeye na mimi tulianza tena kula sahani moja.

Hapo ndipo ninapoona pia hatari iliyomo ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa sababu lugha yetu si malaika. Imetupa nimekukosea, lakini imetupa pia vitenzi vya kujifichia. Kikombe kimevunjika. Hela imepotea. Siri imevuja. Mimba imeingia, yaani imekuja yenyewe kwa miguu, imebisha hodi. Tangazo likitoka kwamba umeme utakatika au maji hayatatoka, mwisho wake utasikia tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Usumbufu unajitokeza! Haujasababishwa na mtu, umechungulia tu dirishani. Na tarehe 31 Desemba ukifungua simu yako, status nusu ya watu zinasema kama kuna niliyemkwaza mwaka huu anisamehe, nami nimewasamehe wote. Kama kuna. Ndugu yangu, unaujua. Una namba yake. Yule uliyemkwaza naye yumo kwenye hao wanaoiona hiyo status, na anajua kabisa kwamba umempita.

Jambo hili si la vijana tu. Mwaka 2023 nchi zetu mbili zilipata somo la wazi, siku mbili zilizofuatana. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles wa Uingereza akiwa Nairobi alizungumzia ukatili waliofanyiwa Wakenya wakati wa kupigania uhuru. Alisema ana huzuni kubwa na masikitiko makubwa, na kwamba hakuna kisingizio kwa yaliyotendwa. Wakenya wengi walisikiliza wakisubiri neno moja zaidi, na halikuja. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, mbele ya wazao wa mashujaa wa Maji Maji, wakiwemo wa Nduna Songea Mbano ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu wale, na akasema anaona aibu.

Kwa Kiswahili cha kawaida, Nairobi ilipewa pole, Songea iliombwa msamaha. Pole ya Nairobi ilikuwa nzito na ya heshima, siikatai. Tena ukweli udai usemwe: mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 katika shauri la Wakenya 5,228 walioteswa, na wakati huohuo ikaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Kwa hiyo kuna aliyelipa bila kuomba. Na kuomba bila kulipa nako kuna maswali yake, wazee wa Songea wanayauliza mpaka leo. Wanasheria wanajua kwa nini neno la kuomba linaogopwa: ukilisema, umekiri deni. Sisi tusio na wanasheria nyuma yetu tunaliogopa kwa sababu hiyohiyo.

Sasa msije mkadhani nasema ukipata neno sahihi tu umemaliza. Biblia yenyewe inatukatalia. Farao, mvua ya mawe ilipompiga, alikiri mbele ya Musa na Haruni kwamba amekosa. Mvua ilipokatika, moyo ukarudi palepale. Mfalme Sauli alikiri mbele ya Samweli kwamba amekosa, na papo hapo akaomba apewe heshima mbele ya wazee wa watu wake. Alichokuwa anakilinda ni sura. Daudi alikiri mbele ya Nathani, kwa maneno machache sana, bila kuomba aonekane vizuri kwa yeyote. Yuda alikiri mbele ya makuhani wakuu, tena akarudisha vipande vyote 30 vya fedha. Wanne, kauli karibu ileile. Mmoja alikuwa anaogopa mvua, mmoja anaogopa watu, mmoja alikuwa anaongea na Mungu. Na wa nne, masikini, alipeleka ungamo lake kwa watu ambao hawakujali, wala hakurudi kwa yule aliyemsaliti. Petro alimkana Bwana usiku uleule, na katika Injili ya Luka hatusikii akisema neno lolote la kuomba msamaha. Bwana alimgeukia akamwangalia, naye akatoka nje akalia. Lakini baadaye kule ziwani alijirusha majini kumfuata.

Hapa kuna swali ambalo vijana wengi huniuliza kwenye semina, na nafikiri ni swali zuri: je, kama sijisikii vibaya, nikienda kuungama si nitakuwa mnafiki? Kwa sababu sori ya Kiingereza ni neno la hisia, tumezoea kupima toba kwa machozi. Nikilia nimetubu, nisipolia bado. Kanisa halifundishi hivyo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulitaja matendo matatu ya anayetubu: majuto, maungamo na malipizi. Na majuto yenyewe ukayaeleza kuwa ni uchungu wa roho pamoja na kuichukia dhambi iliyotendwa na kukusudia kutoirudia. Kuchukia na kukusudia ni kazi ya utashi. Machozi yakija, neema. Yasipokuja, unaweza bado kusimama na kusema nililofanya ni baya, nalikataa, sitaki kulirudia. Kanisa linapokea hata majuto yasiyo kamili, yale yanayotokana na kuona ubaya wa dhambi au hofu ya adhabu, ukienda nayo kwenye sakramenti. Neno la Kilatini la majuto lina picha ya kitu kilichosagwa, kama mtama kwenye jiwe. Mtama haulii, lakini baada ya kusagwa hauwezi kujifanya mtama tena.

Tofauti yake na kujuta kwa mtaani ni kubwa. Majuto ni mjukuu, tunasema, na mjukuu huyo huwa anazaliwa siku tukikamatwa. Simu ikionekana ndipo tunajuta. Hapo tunahuzunikia matokeo yaliyotufika sisi. Jiulize swali moja dogo: asingejua, ningeendelea?

Katika yale matendo matatu, la tatu ndilo tunalolikimbia. Tunapewa Baba Yetu tatu na Salamu Maria tatu, tunazimaliza kabla hatujafika getini, tunaona biashara imekwisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwenye namba 1459, inaeleza kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini halitengenezi kila kilichoharibika, na kwamba haki inadai tufanye tunachoweza: kurudisha kilichoibwa, kurudisha jina jema la aliyesingiziwa, kumfidia aliyeumizwa. Zakayo alilielewa hili kabla ya katekisimu yoyote. Someni Luka sura ya 19 kwa utulivu mtaona jambo: Zakayo haombi msamaha kwa maneno hata mara moja. Anasimama na kutaja hesabu. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, ilimtaka anayekiri kosa kama hilo arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Yaani kama alimdhulumu mtu shilingi 100,000, sheria ingeridhika na 120,000. Zakayo anataja 400,000. Watu waliokuwa wananung'unika nje ya nyumba ile hawakuhitaji mkalimani.

Nimeacha neno moja makusudi, na ndilo nilipendalo kuliko yote: radhi. Watu wa pwani husema niwie radhi. Asili yake ni Kiarabu pia, na inahusu kuridhika. Ndiyo ileile tunayosema radhi za wazazi. Mtu anaposafiri mbali, au binti anapoolewa, anataka aondoke mama akiwa radhi naye, na kukosa radhi za mama ni mzigo ambao watu wazima wenye akili zao wanauogopa. Sasa ona: anayesema nisamehe anaomba deni lifutwe. Anayesema niwie radhi anaomba zaidi. Anaomba uso wako umrudie, uridhike naye tena, awe mtu wako. Deni linaweza kufutwa na watu wakabaki wageni. Benki ikikusamehe mkopo haikualiki harusini. Kanisa linaiita sakramenti hii kwa majina kadhaa, la Kitubio na la Upatanisho yakiwa miongoni mwake, na mimi naona katika hilo la pili kuna radhi ndani yake. Mwana mpotevu alikuwa amejiandalia hotuba yenye sehemu ya kuomba kazi ya kibarua. Baba hakumwachia afike hapo. Aliagiza joho na pete.

Lakini radhi haidaiwi. Hapa naomba niseme na wale mnaopenda kusema "si nimeshasema sori, unataka nini tena?" Kama uliomba kweli, basi jibu linaweza kuwa bado. Mtakatifu Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, na siku nne tu baadaye, akiwa hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga, hata kabla ya kuombwa. Desemba 1983 akaenda gerezani kukaa naye. Huo ni utakatifu, na unatuonyesha kwamba msamaha unaweza kutangulia ombi. Ila huo ulikuwa wa Papa kuutoa. Mkosaji hana haki ya kuugeuza kuwa fimbo ya kumpigia aliyemwumiza: "wewe Mkristo gani, mbona husamehi?" Dada aliyepigwa na mchumba wake anaweza kusamehe moyoni na asirudi kwenye ile nyumba, na hajavunja Injili. Kusamehe anaweza kufanya mmoja. Kupatana kunahitaji wawili, na mmoja wao awe ameacha kupiga.

Na kama niliyemkosea ameshafariki? Au hapatikani, hataki hata kuona namba yangu? Nimeulizwa hili na kijana mmoja kwenye jumuiya yetu. Nilimwambia aanze na padre, kisha aangalie nani bado anaweza kufikiwa na lile kosa: mjane, watoto, jina la marehemu ambalo bado linachafuliwa mtaani. Misa kwa ajili yake. Na asijiandikie msamaha mwenyewe kwa niaba ya marehemu, amwachie Mungu ambaye anamfikia. Pengine yupo padre angejibu vizuri zaidi, mkamuulize.

Mwanzoni mwa Misa tunaungama kwa Mungu na kwa ndugu zetu waliopo, wote kwa pamoja, tukijipiga kifua. Huwa najiuliza wangapi kati ya wale tunaowaambia maneno hayo wamekaa benchi la pili kutoka kwetu nasi tunazunguka nguzo ya kanisa ili tusikutane nao tukitoka.

Bwana wetu alisema habari ya mtu aliyefika altareni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Akamwambia aiache palepale, aende akapatane kwanza. Tunasoma haraka tunadhani huyo ndugu yuko mtaa wa pili. Lakini maneno hayo yalisemwa Galilaya, na altare ilikuwa Yerusalemu. Ni safari ya siku tatu hivi kwa miguu, kupandisha na kushuka. Kwa hiyo mnyama anabaki amefungwa huku, watu wanashangaa, na yule bwana anarudi njia yote aliyokuja nayo, vumbi tupu, hadi mlangoni kwa ndugu yake. Atapiga hodi. Ndugu atafungua, na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, atamwambia kwanza pole na safari.